Barua ya wazi kwa uongozi wa grupu letu la wafugaji sungura: Mheshimiwa hakuwa mboga

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mhazini na maadmini wote,
Grupu la Wafugaji Sungura,
Dodoma.

27 Aprili 2026

YAH: SUNGURA WA PASAKA, MASIKIO YA BLANKETI, MAYAI 53 YASIYOJULIKANA YALIPO, NA KULIWA KWA MHESHIMIWA

Mbukwenyi wakubwa zangu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza kwa heshima maana ndivyo nilivyolelewa. Mwenyekiti wewe ni kaka yangu, ndiye ulinifundisha kujenga banda kwa mbao za paleti wakati sijui hata sungura anashikwaje, nilikuwa nawabeba kwa masikio kama mfuko wa viazi ukanigombeza mbele za watu na nikakushukuru. Shangazi Mhazini umenikopesha pumba mara ngapi sijui, nyingine sijalipa mpaka leo na naomba hilo tusilichanganye na hili. Dada Katibu, na wewe pia, shikamoo ya kazi.

Lakini nimewaandikia inboksi mara nne. Mara nne! Tiki mbili za bluu zikanikodolea macho tu. Mara ya tano nikaandika ndani ya grupu hadharani, Katibu akanijibu kwa stika ya sungura anacheza singeli, watu wakacheka, na saa 2 na dakika 10 usiku nikaondolewa kwenye grupu kwa kosa la "kuvuruga amani ya wanachama". Yani mimi niliyekuliwa sungura ndo nimevuruga amani. Haya. Ndo maana naandika huku nje, kila mtu asome, na atakayewafikishia awafikishie.

Kwa ambao hamtujui, sisi ni watu zaidi ya mia mbili tunaofuga sungura Dodoma na vijiji vyake, wengi wetu hatujawahi kuonana, tunajuana kwa picha za mabanda na kwa maswali ya saa 7 usiku kama "jamani jike langu linanyofoa manyoya kifuani ni ugonjwa?" (si ugonjwa, anatandika kiota, anazaa leo au kesho). Kuna wa Nkuhungu kama mimi, kuna wa Kizota, Nzuguni, Veyula, kuna mzee mmoja wa Hombolo anaandika kwa herufi kubwa tupu kama anatugombeza, na ndugu zetu wa Kondoa. Mwaka huu Pasaka iliangukia tarehe 5 Aprili, Jumatatu yake ikawa tarehe 6, halafu tarehe 7 Karume Dei, kwahiyo tangu Ijumaa Kuu ilikuwa mapumziko siku tano mfululizo. Mwenyekiti akaona hapo ndo pa kukutana kwa mara ya kwanza, tulete watoto, tufanye kitu kinaitwa Sungura wa Pasaka, kwenye shamba la zabibu la mwenzetu kule Mpunguzi. Wazo zuri kabisa na nililigonga dole gumba mwenyewe. Kumbe nasaini hati ya kifo ya sungura wangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Niliteuliwa bila kuulizwa.

Jumanne ya Wiki Kuu bando langu liliisha saa 4 asubuhi. Nikajiunga tena saa 12 jioni, nakuta meseji 316, na kwenye hizo 316 kuna kura imepigwa, kuna mjadala wa kura, kuna pongezi kwangu, na kuna mama mmoja wa Kizota ameshanitumia vipimo vya kiuno anavyokadiria kwa kuangalia picha yangu ya profaili. Nimechaguliwa kuwa Sungura wa Pasaka. Sababu iliyotolewa na Katibu, nanukuu kwa kumbukumbu, ni kwamba nina meno.

Sikukataa, ni kweli. Ukiwakatalia watu 41 waliokupigia kura unaonekana una majivuno. Ila naomba iingie kwenye rekodi kuwa nilisema "sawa" na si "ndiyo", na mnajua wote kuna tofauti.

2. Vazi.

Mlisema kamati itagharamia. Nikaenda Majengo kwa fundi cherehani, nikanunua blanketi jeupe la manyoya la mtumba kwa 18,000, fundi akachukua 15,000 na maswali mengi, na waya wa kufungia nondo kwa ajili ya kusimamisha masikio 2,000. Jumla 35,000, risiti ya fundi imeandikwa nyuma ya kipande cha boksi na picha yake nimetuma mara tatu. Mpaka leo Shangazi unasema "kamati inakaa". Inakaa wapi Shangazi, maana naona inaposti picha tu.

Sasa wafugaji wenzangu mnajua vizuri kuliko mimi kwamba sungura hatoki jasho, mwili wake anaupoza kwa masikio, ndo maana yale masikio ni membamba na yamejaa mishipa. Mimi ya kwangu yalikuwa ya blanketi na waya. Saa 7 mchana, Mpunguzi, jua la baada ya mvua lile linalochoma kama limekutafuta kwa jina. Nilikuwa natoka jasho sehemu ambazo sikujua zina uwezo huo.

Halafu mbwa. Hakuna aliyefikiria mbwa. Shamba lina mbwa watatu ambao kazi yao mwaka mzima ni kufukuza sungura wasile miche, mkamleta sungura wa futi tano na nusu. Nilikimbia kati ya mistari ya zabibu, na mnajua zabibu zinatambaa juu ya waya, sikio la kushoto likanasa kwenye waya wa juu, mwili ukaendelea na safari, kichwa kikabaki. Nikaning'inia hapo kwa kidevu nikirusha teke kama sungura wa kweli huku watoto wanapiga makofi wakidhani ni sehemu ya shoo. Mtoto mmoja akaning'oa mkia. Baba yake alikuwa anachukua video badala ya kunisaidia, na ndo ile video mnayorushiana mpaka leo mmeiwekea muziki.

Bibi yake mwenye shamba alikuwa amekaa kwenye kivuli anachambua mlenda, akaniangalia naning'inia pale, akauliza kwa utulivu kabisa huyu sungura anagawa mayai ya nani? Akaambiwa bibi ni ya kwake, anawaletea watoto. Akasema sungura anayemfahamu yeye anakunywa maji ya kisima ambacho hakuchimba, anamwibia fisi chakula na kumsingizia mwingine, hajawahi kusikia amempa mtu kitu bure, na kama leo anagawa basi watu wahesabu kuku wao. Nilicheka pale pale kwenye waya. Baadaye sikucheka.

3. Mayai.

Trei tano, mayai 150. Kupaka rangi tulifanya vizuri na hapo nawapa maksi zenu, akina mama wa Nzuguni walichemsha na maganda ya vitunguu wakapata ile rangi ya matofali, mengine manjano, mengine rangi ya ubuyu, na siki kidogo kwenye maji ili rangi ishike kwenye ganda. Yalipendeza kama duka la vitenge. Tatizo gesi ilikata kwenye trei ya tatu, na mtu fulani (namjua, simtaji, yeye mwenyewe anajua) akaona trei mbili zilizobaki azipake rangi hivyo hivyo mbichi, "watoto watajuaje". Watoto walijua. Walijua kwa mifuko ya suruali, walijua kwa kurushiana, mmoja alijua kwa kulikalia kwenye bajaji ya kurudi na dereva akatutoza ya kuoshea siti.

Kuficha akapewa mzee wa Hombolo kwa sababu ya umri na busara. Akaficha alfajiri peke yake, akachora ramani kwenye pakiti ya kiberiti, pakiti ya kiberiti! Kisha akapanda basi la Kondoa kwenda msibani na kiberiti akaondoka nacho mfukoni. Yakapatikana 97. Moja kati ya hayo lilikutwa chini ya kuku anayeatamia, la rangi ya ubuyu, na kuku alikuwa hataki kuliachia kabisa. Yamebaki 53 shambani, wiki tatu sasa, na humo yamo mabichi. Mwenye shamba ananipigia mimi. Anasema mstari wa nne hawapiti watu, vibarua wanazunguka. Anapiga kwangu kwa sababu ndo sungura anayemfahamu.

Mayai ya chokoleti aliyoleta yule dada aliyekuja na treni ya SGR kutoka Dar sitayazungumzia, yalikuwa yameshakuwa uji kabla hatujafika shambani na tuliyanywa.

4. Mheshimiwa.

Hapa naomba tuvue kofia.

Mheshimiwa alikuwa dume langu la aina ya New Zealand, jeupe, macho mekundu, kilo 4.5, mwaka wa tatu kwangu. Nilimwita Mheshimiwa kwa sababu anakaa tu, anakula vya kuletewa, na akiona mtu anakuja anageuza mgongo. Najua Dodoma ukiita "Mheshimiwa!" barabarani wanageuka watu kumi, ila wa kwangu hakuwahi kugeuka. Nusu ya sungura weupe waliopo kwenye mabanda ya grupu hili ni watoto wake au wajukuu. Mwenyekiti majike yako mawili yalilala kwangu mwaka jana, na hukulipa, nilisema "tutaongea".

Mliomba nimlete kama mgeni rasmi. Hilo neno ni la kwenu, lipo kwenye ratiba iliyotumwa: "Saa 5:00 Watoto kumsalimia mgeni rasmi." Nikamwogesha kwa kitambaa cha uvuguvugu, binti yangu wa miaka sita akamfunga utepe mwekundu shingoni, akawekwa kwenye boksi la matundu chini ya mwembe na maji na majani. Watoto wakamsalimia. Akawageuzia mgongo, kila kitu sawa.

Mimi nikaenda kuning'inia kwenye zabibu kama nilivyoeleza.

Niliponasuliwa ilikuwa saa 9, njaa inauma, jasho, masikio nimeshika mkononi. Nikaletewa sahani ya pilau. Nyama yake laini, nyeupe, inaachia mfupa yenyewe, viungo vimeingia mpaka ndani. Nikala. Nikaongezwa. Nikiwa kwenye sahani ya pili Katibu akapita na simu anarekodi maoni ya wanachama, nikasema, na nilisema kwa mdomo wangu siwezi kukataa: "Aisee kuku wa Singida huyu hana mpinzani, mpishi apewe zawadi."

Kijana aliyekuwa anakuna nazi akasema, "Siyo kuku bosi."

Nikasema ni nini.

Akasema, "Si nyie wafugaji? Ni mboga yenu."

Hapo bado sijashtuka, kwa sababu niliambiwa wamechinjwa sungura wanne waliotolewa na wanachama na kila mtu alijua wake. Nikageuka kunawa. Pembeni ya jiko, kwenye ule msumari wanapotundika taulo la jikoni, kuna utepe mwekundu umetundikwa vizuri, umekunjwa hata, mtu kauheshimu. Nikauangalia. Nikaangalia boksi chini ya mwembe. Nikaangalia sahani.

Kijana akasema, "Yule mkubwa ndo alitutosheleza, wale wanne walikuwa wadogo." Na akanihakikishia kwamba ndugu zetu wa Kondoa walisimamia achinjwe kwa utaratibu wake, bismillahi na kila kitu. Hilo nawashukuru. Ndo jambo pekee siku ile lililofanywa kwa utaratibu.

Nyumbani sasa. Binti yangu hajanisamehe, na si kwamba kanuna kimyakimya, hapana, ametangaza mtaa mzima. Jirani yetu ni mtumishi wa serikali kule Mtumba, mtu mstaarabu anayetoka saa 12 asubuhi na begi lake, binti akamfuata mpaka getini: "Anko, baba yangu amemla Mheshimiwa." Yule baba akasimama. Akaniangalia. Akauliza polepole, yupi? Tangu siku hiyo akinipita anasalimia kwa mbali.

5. Kile kipande cha sauti.

Nilipodai haki yangu Katibu hukujibu hoja hata moja, ulituma ile rekodi yangu nikisifia pilau, na kuandika "mlalamikaji alikula sahani mbili". Dada yangu, mtu kusifia chakula asichokijua si ridhaa. Na kama ushahidi ni sauti, mbona ile ya Mwenyekiti akisema "mchukueni huyo mweupe mwenye tai" haijatumwa? Ipo. Aliyenitumia simtaji.

Sasa najua mtakayosema maana nimeshayasikia kwa watu wa pembeni.

Mtasema sungura weupe wanafanana. Kwa mtu wa sokoni sawa. Ila nyie ni wafugaji, mnatofautisha Kalifornia na New Zealand gizani, leo mmeshindwa kumtofautisha mwenye tai? Sungura gani wa kuchinjwa anafungwa utepe? Mwenyekiti, mbuzi wa Krismasi uliwahi kumvalisha?

Mtasema sungura ni kitoweo na sisi tunafugia nyama. Kweli kabisa, na mimi nauza nyama, nakula nyama, sina unafiki hapo wala sijaanza kuwa mtu wa kulia lia. Ninachosema ni kimoja: siku ileile, shamba lilelile, mbele ya watoto walewale, hamuwezi kumwita sungura mgeni rasmi saa 5 na kumgeuza pilau saa 9. Chagueni. Kama ni siku ya kumla tuambiane, mimi nitaleta mwingine na chumvi juu. Kama ni siku ya kumsalimia, basi akasalimiwe arudi nyumbani.

Mtasema haya ni mambo ya Wazungu nisiyachukulie siriasi. Basi nimeyasoma, kwa sababu usiku silali. Sungura wa Pasaka ametokea Ujerumani na maeneo ya jirani, daktari mmoja anaitwa Georg Franck von Franckenau aliandika mwaka 1682 kuhusu watu wanaowaambia watoto kwamba sungura ndo anataga yale mayai na kuyaficha bustanini, watoto wanayatafuta wakubwa wanacheka. Wajerumani waliohamia Pennsylvania kule Marekani miaka ya 1700 wakahama naye. Na yule wa mwanzo wala si huyu wa mabandani, ni yule wa porini, ndugu wa anayekatiza barabara ya Iringa usiku na kuduwaa kwenye taa za pikipiki, ni Kiswahili chetu tu kimewapa wote jina moja. Huyo wa porini anazaa watoto wameshaota manyoya na macho wazi, wa kwetu wanazaliwa uchi hawaoni, mnajua. Na mayai yenyewe yalitokana na Kwaresima, watu zamani walikuwa wanafunga hata mayai, ila kuku hawafungi, wanaendelea kutaga, ikifika Pasaka nyumba imejaa mayai lazima yapate kazi. Sasa kote huko niliposoma sijakuta pahali watoto wanaambiwa wamsalimie Sungura wa Pasaka kisha wanapakuliwa. Hilo ni la kwetu, la Mpunguzi.

Na wala halazimishwi mtu kutumia sungura. Ufaransa watoto wanaambiwa mayai yameletwa na kengele za kanisa zilizokwenda Roma na kurudi. Australia, ambako sungura walioachiwa mwaka 1859 walizaana mpaka wakatafuna nchi, kuna watu wamemkataa kabisa wakamweka mnyama wao mdogo wa jangwani mwenye masikio marefu anaitwa bilby. Kila mtu kaangalia kwake ana nini. Sisi tuna nini? Tuna kanga! Kanga anataga kweli, si kwa kusingiziwa. Tena anaficha mwenyewe, vichakani, kanga watatu wanne wanachangia kiota kimoja, unaweza kukuta mayai thelathini mahali ambapo umepita kila siku hujaona kitu. Hahitaji mzee wa kiberiti. Hahitaji fundi wa Majengo. Ganda lake gumu hata mtoto akilikalia kwenye bajaji kuna matumaini. Na ana madoadoa yake tayari, gesi ikikata hakuna hasara ya rangi. Nilipendekeza hili Jumatano ya Wiki Kuu, saa 3 usiku, liliwekewa dole gumba moja, la kwangu mwenyewe kwa bahati mbaya.

Kwahiyo ninaomba hivi, na naomba mnisikilize kama watu wazima. Nipewe dume, New Zealand, jeupe, lisilopungua kilo 4, na lisiwe mjukuu wa Mheshimiwa maana majike yangu ni ndugu zake na nyie ndo mlinifundisha tusipandishe ndugu kwa ndugu. Najua Mwenyekiti unalo moja ulilonunua Morogoro, usijifanye halipo, uliliposti. Nirudishiwe 35,000 ya vazi, vazi lenyewe chukueni, lipo kwenye mfuko wa saruji nyuma ya nyumba, mkia haupo. Kamati yote, si vibarua, kamati, iende Mpunguzi Jumamosi hii na ndoo itafute yale 53, na mzee wa Hombolo aje na kiberiti chake kama bado hajakitumia. Ile rekodi ifutwe. Nirudishwe kwenye grupu, na atakayeniondoa tena aandike sababu yenye kueleweka.

Na aende mtu kwa binti yangu. Siyo kwangu, mimi nitapona. Mwenyekiti uende wewe, ukae kwenye kigoda, umweleze kwa mdomo wako ilikuwaje, usimwambie amekimbilia porini maana nilishajaribu hiyo akaniuliza mbona utepe umerudi.

Muda nawapa mpaka Jumapili tarehe 10 Mei. Msiseme Pasaka imeshapita tuyaache mpaka mwakani, kwa sababu Pasaka inafuata mwezi, ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu kuanzia Machi 21, na mwakani inaangukia 28 Machi, yani inawahi zaidi ya hii. Ikifika hiyo tarehe na hamjajibu, jueni fundi wa Majengo ana vipimo vya Mwenyekiti. Nilimpelekea mimi, kwa kukadiria kutoka picha ya profaili.

Wenu katika ufugaji,

Aliyekuwa Sungura,
Nkuhungu, Dodoma.

Nakala kwa:
Mwenye shamba, Mpunguzi (pole na mstari wa nne)
Bibi wa mlenda
Jirani wa Mtumba, ili ajue ni yupi
Mke wa Mwenyekiti, ambaye huwa anasoma mpaka mwisho